Safari ya Bwawa la Nyerere: MUDA UMEBADILIKA

Habari za jioni wanakikundi, poleni na majukumu. Safari yetu ya Rufiji iko palepale Jumamosi ila tunaondoka saa 10 alfajiri, sio saa 12 tena, dereva kasema mvua imeharibu njia ukishatoka Kibiti kuelekea Mloka na mimi sitaki tufike jua limeshazama.

1. Tunakutana Mbagala Rangi Tatu, kosta itapaki karibu na stendi
2. Mchango 65,000 kwa kila mtu, mwisho Alhamisi saa 2 usiku, tuma kwa mhazini. Bado watu 8 jamani
3. Kitambulisho usisahau, na viatu vya kufunika

Kuna mtu kaniuliza inbox tunaenda kuona nini wakati ujenzi umeshaisha. Ndugu zangu mimi nilifika pale 2022 kabla hawajaanza kujaza maji ile Desemba 22, nikaona zege kavu kama udongo wenye unyevu linamwagwa tabaka kwa tabaka, rola inapita juu inashindilia, vumbi mpaka kwenye kope. Sasa ule ukuta umesimama mita 131, maji yako nyuma yake na mitambo yote 9 ya kufua umeme imeshawashwa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Natamani sana mlione kwa macho yenu.

Naomba kila mtu aandike NIPO au SIPO hapa kabla ya kesho saa 4 asubuhi nijue kama tunachukua kosta moja au mbili. Asanteni sana 🙏