Hedifoni za besi: kata uvimbe kabla ya kuongeza mdundo

Ndugu Mhariri,

Kurasa za teknolojia za magazeti yetu zimezoea kusifia hedifoni za bei nafuu kwa maneno mawili tu: "besi inatikisa". Chini yake huwekwa takwimu zilizonakiliwa kwenye boksi, yaani spika ya milimita 40 na Hz 20 hadi 20,000 (Hz ni mitetemo kwa sekunde: namba ikiwa ndogo, sauti ni nzito). Ukubwa wa spika hauelezi chochote kuhusu ilivyofungwa ndani ya kikombe chake. Na kutaja Hz 20 hadi 20,000 bila kusema sauti inapanda na kushuka kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi njiani ni sawa na kumsifia mtu barabara ya Dar es Salaam hadi Mwanza bila kumtajia mashimo. Naomba wanaoandika kurasa hizo waeleze besi imekaa wapi na inarekebishwaje.

Kupenda besi si kosa. Utafiti wa Sean Olive na Todd Welti wa kampuni ya Harman ulionyesha kwamba wasikilizaji wengi hupenda besi iliyonyanyuliwa kwa desibeli kadhaa. Suala ni mahali inaponyanyuliwa. Mzizi wa mdundo mzito uko kati ya Hz 40 na 80. Hedifoni nyingi za bei nafuu hufika huko zimechoka, kwa hiyo hujazwa kwenye Hz 150 hadi 250, ambako dukani panasikika pamenona. Uvimbe huo ndio unaomfanya msoma habari asikike kama yumo ndani ya pipa, na ndio unaozimeza ganuni na fidla za taarab. Kwenye singeli ya midundo 200 kwa dakika, kila mdundo unafuatwa na mwenzake baada ya sekunde 0.3. Besi yenye mkia mrefu hapo inageuka uji. Hata hedifoni ya Koss Porta Pro, iliyo sokoni tangu 1984 na yenye wapenzi wake wengi, imejaa karibu na Hz 100 kisha inashuka: imenona, lakini haina kina.

Wengi hukosea tangu kulinganisha. Kati ya hedifoni mbili, yenye sauti kubwa kidogo huonekana bora hata kama ni mbovu, na tofauti ya desibeli moja inatosha kumdanganya mtu. Kwa hiyo sawazisha ukubwa wa sauti kwanza, na utumie maneno ya mtangazaji badala ya ngoma, maana ngoma itaipendelea yenye besi nyingi. Andika simu ilikuwa kwenye kiwango gani kwa kila hedifoni. Zima "bass boost" na madoido yote ya simu. Kama ni ya bluetooth, hakikisha hakuna programu inayotumia maikrofoni, kwa sababu ikiingia hali ya kupiga simu sauti hubanwa na utailaumu hedifoni bure. Kisha badilisha ndani ya sekunde chache, wimbo uleule, kipande kilekile. Masikio hayatunzi kumbukumbu ya sauti kwa muda mrefu.

Kabla ya kutoa hukumu, bonyeza vikombe taratibu kwa viganja. Besi ikiongezeka sana, hewa inavuja. Miguu ya miwani, rasta, kilemba au hijabu chini ya mto wa sikio vinaweza kula besi yote ya chini ukabaki na ule uvimbe peke yake. Mito ya ngozi bandia iliyochanika huleta shida hiyohiyo, na kwa joto na jasho la pwani haichelewi kumenyuka. Pima kipenyo kwa milimita kabla ya kununua mingine. Ukiweka ya kitambaa utapata ubaridi, lakini besi itapungua kwa kuwa hewa inapita.

Sasa ikwalaiza, yaani kirekebishi cha kupandisha au kushusha sauti nzito, za kati na kali kila moja peke yake. Simu nyingi za Android zina ile ya vitelezi vitano: Hz 60, 230, 910, 3,600 na 14,000. Mkono wa kila mtu hukimbilia 60 na kuisukuma hadi juu. Anza na 230: ishushe desibeli 4, sikiliza wimbo mzima, na mara nyingi utaona mdundo umejitokeza wenyewe bila kuongezwa. Bado unataka zaidi? Pandisha 60 kwa desibeli 2, isizidi 3. Ukiongeza 6, spika inadaiwa nguvu mara nne, na muziki ambao tayari umerekodiwa karibu na dari, yaani kiwango cha mwisho cha sauti, unagonga dari hiyo na kukwaruza. Kwenye kompyuta ya Windows, programu ya Equalizer APO ni ya bure na inakuruhusu kushusha sauti yote kwanza kwa kiasi kilekile ulichoongeza, na hivyo mkwaruzo huo hautokei.

Kama mkwaruzo upo hata ikwalaiza ikiwa imezimwa, tena upande mmoja tu, shuku unywele uliogusa utando wa spika kabla ya kusema imeungua. Hutolewa kwa ncha ya plasta, bila kuugandamiza utando.

Kwa spika za kuchomeka masikioni, tafuta matundu madogo. Lililo upande wa sikio likiziba, besi huongezeka, na mara nyingi limezibwa na nta tu. Lililo nyuma likiziba, besi hupungua. Anayetaka kupunguza besi aweke kipande kimoja cha plasta ya karatasi ya hospitali juu ya tundu la nyuma, na kama imezidi akitoboe kwa pini. Gundi kali isitumike kabisa, haina marudio. Trebo, yaani sauti kali za juu, ikichoma, tabaka moja la tishu mbele ya spika huituliza.

Mwisho ni kwa wanaopeleka hedifoni za waya kwa fundi. Nyaya zake nyembamba zimepakwa rangi inayozuia umeme, na rangi hiyo lazima iunguzwe kabla ya risasi ya kulehemu kushika. Kwa kawaida nyekundu ni kulia, kijani au bluu ni kushoto, na ya rangi ya shaba ni ya pamoja. Jaribu hapohapo kwa sauti ya mtangazaji. Akisikika katikati ya kichwa, kazi ni safi. Akielea pembeni na besi ikapwaya, nyaya za upande mmoja zimegeuzwa. Sauti ya mwimbaji ikitoweka na kubaki vyombo vinavyoelea, ile ya pamoja haijashika, na fundi airudie kabla hujalipa.

Fundi wa vifaa vya sauti,
Tanga