Mbona kwenye safari zenu hakuna anayekwama?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini. Mimi ni dereva mstaafu. Nimeendesha mabasi ya masafa marefu kwa miaka 31, na tangu Novemba nipo Phoenix, Arizona, kwa binti yangu. Gazeti lenu nalisoma kwenye simu kila asubuhi, nikianzia ukurasa wa safari. Ukurasa huo ndio ulionikalisha chini kuandika. Wiki baada ya wiki nasoma habari za watu waliokwenda mbugani, visiwani na milimani, na hakuna hata mmoja aliyepotea njia, aliyepasukiwa na tairi wala aliyeharisha. Jua limezama vizuri, chakula kitamu, picha tatu, kwaheri. Safari ya namna hiyo mimi sijawahi kuiendesha.

Januari hii binti na mkwe wangu walinipeleka Quartzsite. Ni mji mdogo katika jangwa la Sonora, kama kilomita 200 magharibi mwa Phoenix, si mbali na mto Colorado unaotenganisha Arizona na California. Sensa ya 2020 ilikuta watu wapatao 2,400 tu. Kiangazi joto hupita nyuzi 40. Lakini baridi ikishika kaskazini, wastaafu wa Marekani na Kanada huteremka na magari yenye vitanda, jiko na choo ndani, wakatapakaa jangwani hata macho yakachoka kuhesabu. Mkwe wangu huyaita nyumba za magurudumu, na jina hilo nimelipenda. Ardhi kubwa inayouzunguka mji ni ya serikali kuu, chini ya idara inayoitwa BLM. Anayetaka kukaa msimu mzima, kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15, yapo maeneo yake na hukata kibali. Sisi tulikwenda upande unaoruhusiwa siku 14 bila malipo. Na bure ni bure kweli: hakuna bomba, hakuna umeme, hakuna choo. Unachohitaji umekuja nacho, na taka zako unaondoka nazo.

Mkwe alinipa heshima ya kuchagua pa kuegesha, maana dereva mzee ni mimi. Nikaona pahali tambarare, mchanga laini, hapana jiwe hata moja, miti ya palo verde huku na huku. Nikasema, hapa. Wenzetu walikuwa wameegesha juu kwenye kokoto, magari yameinama kama yanasikiliza umbea, nikawaonea huruma.

Hatujamaliza kutoa viti, akaja bibi mmoja mwenye miaka si chini ya 75, anayesafiri peke yake na mbwa wake. Alisalimia, akalisifu gari, akauliza tumetoka wapi. Ndipo akasema kilichomleta: tumeegesha ndani ya njia ya maji. Akanionyesha vijiti na majani makavu yaliyonasa kwenye shina la mti, juu kidogo ya goti langu. Yaliletwa na maji. Mvua inaweza kunyesha milimani huko, wewe juu yako nyota zinawaka, na maji yakakufikia umelala. Ardhi ile ngumu haiwahi kuyanywa, yote hukimbilia makorongoni, na korongo likikauka huacha mchanga laini na tambarare kama ule niliokuwa najisifia.

Tukahama. Nilipokanyaga mafuta, tairi la nyuma likazama. Hapo angalau nilijua la kufanya: nikapunguza upepo, mkwe akachimba kwa koleo, tukatandika mbao mbele ya matairi na kutoka taratibu. Bibi alisimama pembeni na mbwa wake bila kutoa ushauri hata mmoja. Adabu kubwa ile, madereva wenzangu wanajua.

Usiku alitualika kwenye moto wake. Jua likitua jangwani pale baridi huingia kama mtu aliyefungua mlango, kwa hiyo kila mtu alikuja na blanketi. Tulikuwa watu kumi na moja. Nilidhani nitasikia sifa za mandhari, kama kwenye ukurasa wenu. Wapi! Bibi alianza yeye: miaka ya nyuma aliwahi kuegesha kwenye korongo kama lile, na maji yakambebea viti, meza na viatu vyote. Kesho yake aliingia dukani kununua viatu akiwa na soksi.

Akafuata bwana mmoja na habari za cholla. Hiyo ni kaktasi yenye vipande vinavyokatika kwa kuguswa tu, miiba yake ina vishikio vidogo kama ndoana. Kilimnasa mguuni, akakitoa kwa mkono, kikahamia mkononi, akajaribu kwa mkono wa pili. Mkewe ndiye aliyekuja na kitana, akakipitisha kati ya ngozi na kipande, akakirusha kando. Tangu hapo bwana yule hatembei bila kitana, na kichwani hana unywele hata mmoja. Mwingine alifungua valvu ya tangi la choo akidhani ni ya maji ya kuoshea vyombo. Hiyo siendelei nayo, wasomaji wenu wengine wanakunywa chai.

Halafu wazee wawili, mtu na mkewe, waliotoka hifadhi ya Kofa, kusini ya mji. Hifadhi hiyo ilianzishwa 1939 kuwalinda kondoo wa porini wenye pembe zilizojikunja, na ndani yake kuna ufa mwembamba mlimani ambamo imeota mivumo ya asili, kijani kitupu katikati ya miamba. Mume alikaa siku tatu na darubini akiwasubiri kondoo. Siku ya nne akaenda kichakani kwa haja zake, na kondoo watano wakapita mbele ya mkewe anayefuma sweta. Mama wa watu hakuinua hata sindano. Mume anasimulia huku bado amekasirika, mke anaongeza idadi ya kondoo.

Zamu yangu ilipofika nikasimulia basi langu lililozama kwenye tope la masika na abiria mmoja aliyegoma kushuka kwa sababu alilipa nauli ya kukaa. Binti alitafsiri. Walicheka, ila si pale nilipotegemea.

Jambo moja zaidi, maana naona wengi hawalijui. Kwenye makaburi ya mji ule kuna piramidi ya mawe, juu yake ngamia wa shaba. Pale amelala Haji Ali, ambaye Wamarekani jina lake liliwashinda wakamwita Hi Jolly. Kibao kinasema alizaliwa mahali fulani Syria yapata 1828 na kufa 1902. Aliletwa 1856 kuendesha ngamia walionunuliwa na jeshi la Marekani ili wabebe mizigo majangwani. Ngamia waliiweza kazi, lakini farasi na nyumbu waliwaogopa, askari hawakuwapenda, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861 habari yao ikafifia. Waliuzwa, wengine wakaachiwa porini. Nilisimama pale kama mtu aliyefika kwa mwenzake wa kazi, nikamsomea Fatiha kimyakimya. Mradi ulishindwa, na bado wameujengea piramidi. Sisi tairi likizama tunalikata kwenye picha.

Ndugu Mhariri, ninachoomba ni hiki. Wanaowaletea habari za safari waulizeni pia mlikwama wapi, maji mlibeba lita ngapi na yaliisha siku gani, nani aliwatoa. Sisi tulibeba lita 150 kwa watu watatu, na siku ya tano binti alikuwa anafuta sahani kwa kitambaa badala ya kuziosha. Msomaji anayejiandaa kwenda jangwani atafaidika na sahani ile kuliko na machweo yangu, ambayo kwa kweli yalikuwa mazuri sana.

Mkiona inafaa, habari ya korongo ichapeni mtakavyo. Picha ipo: tairi nusu mchangani, mimi nimeshika kiuno. Mkwe aliipiga bila kuniuliza.

Dereva mstaafu,
kwa sasa Phoenix, Arizona