Rolakosta ya kurushwa ipimwe kwa reli inayofuata

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nichangie mjadala kuhusu rolakosta, zile treni za burudani zinazopanda na kuteremka kwa kasi kwenye reli zake, ambao wapenzi wa bustani za burudani wamekuwa nao kwa miaka mingi bila kufikia mwafaka. Je, rolakosta za kurushwa, yaani zile ambazo treni zake hazivutwi taratibu na mnyororo hadi kileleni bali husukumwa ghafla kwenye reli tambarare hadi zipate kasi kubwa kwa sekunde chache, humridhisha abiria kweli, au humshtua tu kisha zikamwacha na kiu yake? Rai yangu ni kwamba kadhaa kati ya zilizotangazwa kwa mbwembwe nyingi ziliridhisha kidogo mno kwa kulinganisha na sifa zake, na kwamba tatizo halimo katika kurushwa kwenyewe, bali katika namna wabunifu walivyoitumia kasi waliyoipata kwa gharama kubwa.

Kwanza niondoe dhana moja. Treni iliyorushwa hadi kilomita 100 kwa saa ina kasi ile ile ambayo ingeipata kwa kuteremka kutoka kimo cha mita 39 hivi, tukiacha kuhesabu msuguano na upepo, na kuanzia hapo fizikia haiulizi kasi hiyo ilitoka wapi. Kinachobadilika ni mahali kasi inapopatikana, kwa kuwa sasa mnara hauhitajiki, pamoja na muda ambao abiria huwa nao kabla ya kuipata. Faida ya hilo la kwanza ni kubwa, nami nitalirudia. Hilo la pili ndilo lenye utata, maana kilima cha mnyororo, pamoja na uzee wake, hufanya kazi ambayo wengi huisahau. Abiria hupanda polepole akiwa ameegemea kiti, husikia vyuma vya usalama vikigonga chini ya behewa kimoja baada ya kingine, huwaona walio kwenye foleni wakizidi kuwa wadogo, na hupata wasaa wa kutosha wa kujuta kabla treni haijaachiwa. Hofu hiyo ni sehemu ya burudani aliyoilipia. Mbunifu akiiondoa, hana budi kuweka kitu kingine mahali pake.

Haina maana kwamba kurushwa hakuna hofu yake. Top Thrill Dragster, iliyofunguliwa mwaka 2003 katika bustani ya Cedar Point jimboni Ohio, Marekani, ilipangwa kwa kuigiza mashindano ya magari ya mwendo wa kasi. Treni ilisogea hadi mahali pa kuanzia ikasimama, mbele yake pakiwa na mlingoti wa taa kama zile za mashindano, kisha breki zilizosimama katikati ya reli zikazama chini, na kila aliyeketi akajua kwamba hakuna tena kinachomzuia. Ndani ya sekunde zisizofika 4 treni ilikuwa inakimbia kilomita 193 kwa saa, ikapanda wima hadi kimo cha mita 128, ikavuka kilele, ikateremka ikijipinda, na kukutana na breki. Safari nzima ilichukua sekunde 17 tu. Kwa maoni yangu, sehemu bora kabisa ilikuwa ule ukimya wa kusubiri taa, na hilo si jambo la kumsifu mhandisi aliyejenga mnara wa mita 128.

Ipo dalili nyingine inayochekesha. Mara moja moja, kutokana na upepo, hali ya hewa au uzito wa abiria, treni ilikosa nguvu ya kuvuka kilele, ikarudi kinyumenyume hadi chini, ambako breki zilizokwisha kuinuka tena ziliisimamisha, kisha ikarushwa upya. Badala ya kulalamika, abiria walishangilia na kujihesabu wenye bahati, kwa sababu foleni moja iliwapa safari mbili. Mtambo ambao wapenzi wake huombea ushindwe kufanya kazi yake, ili tu wakae kwenye reli muda mrefu zaidi, umekwisha kutoa ushahidi dhidi yake wenyewe.

Kingda Ka ya bustani ya Six Flags Great Adventure jimboni New Jersey, iliyofunguliwa mwaka 2005, ilifuata kanuni hiyo hiyo kwa vipimo vikubwa zaidi: kilomita 206 kwa saa ndani ya sekunde 3.5, mnara wa mita 139, na baada ya hapo tuta moja kabla ya breki. Kwa karibu miaka 20 ilishika nafasi ya rolakosta ndefu kwenda juu kuliko zote duniani. Februari 2025 mnara wake uliangushwa kwa baruti. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Hapa inafaa kueleza mitambo hiyo ilivyofanya kazi, maana nayo inahusika na kuridhika kwa abiria. Katika mfumo wa haidroliki uliotumika kwa zote mbili, pampu husukuma mafuta na kuishindilia gesi ya naitrojeni ndani ya matangi, kisha shinikizo hilo huachiwa kwa mpigo mmoja kwenye mota zinazozungusha winchi kubwa, yaani gurudumu la kukunjia kebo, nayo winchi huvuta kebo ya chuma iliyofungwa kwenye kigari kidogo kinachoikokota treni kutoka chini. Nguvu inayopatikana ni ya ajabu, lakini kila safari huichosha kebo na vifaa vyake, na rolakosta za namna hii zilijulikana kwa kusimama mara kwa mara. Abiria aliyesafiri siku nzima akakuta geti limefungwa hawezi kuambiwa kuhusu kuridhika. Siku hizi wajenzi wengi wamehamia kwenye sumakuumeme: vipande vilivyopangwa kando ya reli huvuta na kusukuma sumaku zilizo chini ya treni bila kugusana nazo, kwa hiyo hakuna kebo ya kulika. Teknolojia hiyo nayo si ngeni, kwani rolakosta za kurushwa kwa mota za sumakuumeme zilianza kubeba watu mwaka 1996.

Sasa tulinganishe na Incredible Hulk Coaster ya bustani ya Islands of Adventure mjini Orlando. Ilifunguliwa mwaka 1999, na mrusho wake ni wa matairi yanayozunguka na kuisukuma treni kupanda ndani ya handaki lililoinama kwenda juu. Kasi inayofikiwa humo ni kilomita 64 kwa saa hivi, ambayo hata si theluthi ya ile ya Kingda Ka. Hata hivyo, treni inapochomoza tu kutoka kwenye handaki hujipindua kichwa chini miguu juu, halafu huporomoka kuelekea maji yaliyo chini yake, na abiria hana hata nafasi ya kumaliza ukelele aliouanza gizani. Mwaka 2016 wenye bustani walipoijenga upya kwa kubadilisha reli na treni zake, waliuacha mrusho ule uendelee kuwepo. Nadhani walielewa vyema kilichokuwa kikiwavuta watu. Kurushwa kule hakusimami peke yake, kwa sababu huanza gizani na kumalizikia angani, na kinachofuata kingepoteza nusu ya utamu wake kama treni ingefika pale ikivutwa na mnyororo.

Wapo watakaosema kwamba kinachohitajika ni kasi zaidi, na kwamba Kingda Ka ilikosa urefu wa reli tu. Jibu lipo kwenye hesabu. Treni ikiongeza kasi mara mbili, kona yake inapaswa kuwa na upana wa mara nne ili abiria asibanwe kwa nguvu kubwa kuliko awali. Formula Rossa ya Ferrari World, Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 2010, hufika kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde 5 hivi, na abiria huvaa miwani ya kukinga macho dhidi ya vumbi na wadudu. Reli yake ina urefu unaozidi kilomita 2, nami nawapongeza waliokubali kuijenga yote hiyo, lakini kasi yenyewe ndiyo inayoilazimisha itanuke kwa kona pana na vilima vilivyolala. Anayetaka mtupo wa ghafla kushoto na kulia, au kunyanyuliwa kwenye kiti mara sita mfululizo, hawezi kuyapata kwa kasi hiyo bila kuumizwa.

Na kuumia si jambo la kubuni. Do-Dodonpa ya Fuji-Q Highland nchini Japani, iliyotumia hewa iliyoshindiliwa, ilianza mwaka 2001 kwa kilomita 172 kwa saa ndani ya sekunde 1.8, na mwaka 2017 ikaongezwa hadi kilomita 180 kwa sekunde 1.56. Agosti 2021 ilisimamishwa baada ya taarifa za abiria kuvunjika mifupa, na mwaka 2024 bustani ikatangaza kwamba haitafunguliwa tena. Sitaki kudai kwamba mrusho ndio uliosababisha kila jeraha. Ninachosema ni kwamba mashindano ya kupunguza sehemu za sekunde hayamwongezei abiria furaha inayolingana na adha ambayo mwili wake huipata.

Nilisema nitarudi kwenye faida ya kutohitaji mnara, na hapa ndipo ninapokubaliana kabisa na watetezi wa rolakosta za kurushwa. Bustani ya Phantasialand iliyoko Brühl, Ujerumani, imezungukwa na makazi na hairuhusiwi kujenga kwenda juu inavyotaka. Kwa kilima cha mnyororo, kasi ya kilomita 117 kwa saa ingehitaji mteremko wa zaidi ya mita 50. Taron, iliyofunguliwa hapo mwaka 2016, huifikia kasi hiyo bila kuzidi mita 30 kwenda juu, kwa mirusho miwili ya sumakuumeme, na reli yake imesukwa ikapishana juu na chini katikati ya majabali ya kutengenezwa kiasi kwamba aliyesimama pembeni hawezi kubashiri treni itachomokea wapi. Mrusho wa pili unaikuta treni ikiwa mbioni tayari. Abiria aliyedhani kwamba mambo yameanza kupoa huhisi mgongo wake ukikandamizwa tena kwenye kiti, huku mota zikivuma chini yake, na hilo ni jambo ambalo kilima hakiwezi kulifanya kabisa.

VelociCoaster, iliyofunguliwa mwaka 2021 katika bustani ile ile ya Islands of Adventure, inafuata njia hiyo. Mrusho wa kwanza ni wa wastani, wa kilomita 80 kwa saa, unaoiingiza treni kwenye kona za karibu karibu baina ya miamba. Wa pili unaifikisha kwenye kilomita 113 kwa saa na kuipandisha mnara wa mita 47, kisha nusu ya pili ya safari inaenda kwa vilima na mapinduko hadi ile zamu ya mwisho juu ya maji. Kwa kasi hiyo ingeachwa nyuma vibaya na Kingda Ka, lakini sijui mpenzi wa mitambo hii ambaye angepewa hiari ya kurudia safari moja kati ya hizo mbili akakosa kuichagua VelociCoaster.

Hata mirusho mingi haitoshi kama imepangwa ovyo. Mrusho unaoishia kwenye reli iliyonyooka, au unaowekwa kwa sababu tu treni imechoka na haiwezi kufika kituoni, abiria huutambua mara moja. Cedar Point wenyewe waliifungua upya Top Thrill mwaka 2024 kwa sumakuumeme, mnara wa pili, na mirusho mitatu ya kwenda mbele, nyuma, kisha mbele tena. Ikafungwa baada ya siku chache na ikaendelea kufungwa hadi mwaka uliofuata. Kama mpangilio wa safari, nauona umeboreka sana, kwa sababu ile bahati ya kurudi kinyumenyume, ambayo zamani ilimwangukia mmoja kati ya wengi, sasa kila abiria anaipata.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Habari za rolakosta mpya zinapochapishwa, kasi yake na sekunde za kuifikia ndizo hupewa kichwa cha habari, na mara nyingi msomaji haambiwi kingine. Waandishi wako wamuulize pia mwenye bustani mambo mawili: kuna mita ngapi za reli baada ya mrusho wa mwisho, na treni huzimaliza kwa sekunde ngapi. Majibu hayo yachapishwe kwenye aya ile ile yenye kasi.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi