Barua kwa mwanangu anayehamia kusini mwa Buffalo, jimbo la New York, Marekani

Mwanangu mpendwa,

Tumefurahi mno kusikia kwamba wewe na mkamwana wetu mmepata nyumba Hamburg, na kwamba mtahama kutoka Houston kabla Oktoba haijaisha. Mama yako ameshaanza kukusanya mablanketi kana kwamba mnakuja kuishi porini. Mimi nakuandikia juu ya theluji ya ziwa peke yake, kwa sababu tulipoongea kwenye simu ulisema kwamba theluji ni theluji, na kwamba uliiona Texas mwaka 2021. Ile ya Texas ilikuja na baridi iliyolifunika jimbo zima. Hii ya kwetu ina tabia nyingine, na nyumba mliyoipata ipo hasa kwenye njia yake.

Chanzo chake ni Ziwa Erie. Sisi watu wa Uvira tumezoea Ziwa Tanganyika, lenye kina cha zaidi ya mita 1,400, ambalo maji yake hayana tofauti kubwa Januari na Julai. Erie ni ziwa la kina kifupi, ambalo kwa wastani halifiki mita 20, hivyo hupata joto upesi wakati wa kiangazi na kufikia Novemba bado lina uvuguvugu, wakati ambapo hewa kavu na ya baridi kali imeanza kushuka kutoka Kanada. Hewa hiyo inapopita juu ya maji hubeba joto na mvuke, hupanda, hufanya mawingu, na ikifika nchi kavu upande wa mashariki huushusha mzigo wote kama theluji. Upepo ukifuata urefu wa ziwa, ambao ni karibu kilomita 390, mawingu hujipanga kuwa mkanda mmoja mwembamba, na chini ya mkanda huo theluji inaweza kujaa sentimita 10 kwa saa moja, mara nyingine pamoja na radi. Ziwa likishaganda, theluji hii hupungua sana, na ndiyo maana Novemba na Desemba ndiyo miezi ninayoihofia zaidi. Ndugu zetu wa Syracuse hawana nafuu hiyo, kwa kuwa Ziwa Ontario lina kina kirefu na ni nadra kuganda lote.

Sasa zingatia habari ya mkanda, kwa maana hapo ndipo wageni wanapoponzwa. Umewahi kuona mvua ikinyesha upande mmoja wa barabara huku upande wa pili vumbi linatimka. Theluji ya ziwa ni hivyo hivyo, ila inaweza kukaa mahali pamoja siku mbili au tatu. Novemba 2014 baadhi ya vitongoji vya kusini vilipata zaidi ya mita 1.5, wakati kaskazini mwa jiji, mwendo mfupi tu kwa gari, theluji ilikuwa ya kufagia kwa ufagio. Novemba 2022 huko huko Hamburg na kwa jirani zenu wa Orchard Park ilifika karibu mita 2. Upepo wa kusini-magharibi huuleta mkanda kwetu mjini Buffalo. Ukigeuka kidogo na kutoka magharibi, unashuka kwenu. Kwa hiyo usitoke kwa kutazama dirishani. Ghala utakakofanya kazi lipo kaskazini, na msimamizi wako anaweza kukupigia simu huku jua likimwakia kichwani, akikuuliza kama kweli huwezi kufika. Mjibu kwa adabu kwamba barabara za kwenu zimefungwa na serikali, kisha ukate simu.

Jifunze pia kutofautisha tahadhari ya kusafiri na marufuku ya kusafiri, kwa sababu marufuku ni sheria na ukiivunja utaadhibiwa. Hata hivyo, mimi nisingeisubiri marufuku. Katika dhoruba ya Desemba 2022, ambayo upepo wake ulikuwa mbaya kuliko theluji yenyewe, amri ilitoka asubuhi ya tarehe 23 wakati watu wengi walikuwa wameshakwenda kazini. Katika eneo letu walikufa watu zaidi ya 40, wengine ndani ya magari, wengine njiani kwa miguu, wengine majumbani mwao, kwa kuwa hata magari ya wagonjwa yalikwama. Ukikwama, baki ndani ya gari, na kabla ya kuwasha injini ili upate joto, shuka uifukue ekzosi kwa beleshi; ikizibwa na theluji, moshi wenye sumu hurudi ndani, nawe utasinzia bila kujua kwamba unakufa. Beleshi, blanketi, tochi na chaja vikae garini kuanzia Novemba.

Nyumbani kuna hatari hiyo hiyo ambayo wapangaji wengi hawaambiwi. Muulize mwenye nyumba moshi wa mtambo wa kupasha joto unatokea wapi. Mara nyingi ni mabomba meupe ya plastiki yaliyotokeza ukutani, karibu na ardhi, na theluji ikirundikana hapo huyaziba. Yafukue kwanza, kabla hujafikiria njia ya gari, na uhakikishe kengele ya kaboni monoksidi, ile sumu ya moshi, ina betri. Unapofukua, chota kidogo kidogo na upumzike, kwa sababu kila mwaka wapo wanaoanguka kwa moyo wakiwa wameshika beleshi. Mimi mama yako ameshanipiga marufuku.

Nitumie namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi za gari lako wiki hii. Utabiri wa kwanza ukitoka, gereji zote hufurika, nami ningependa uyakute matairi ya theluji yakikungoja kwetu.

Mama yako anawasalimu nyote wawili.

Baba yako