Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliazimia kwamba katika kusoma kwetu historia ya usanifu majengo tuache kurukia zama hii na ile, badala yake tumsome msanifu majengo mmoja pamoja na wenzake kwa mwaka mzima. Kamati ilimchagua Fan Wenzhao wa Shanghai, aliyezaliwa mwaka 1893. Nakiri kwamba nililipinga pendekezo hilo, na nilikosea.

Fan alisoma Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kisha akarudi Shanghai, ambako kazi nono zilikuwa mikononi mwa kampuni za kigeni. Mwaka 1925 alishika nafasi ya pili katika shindano la kusanifu kaburi la Sun Yat-sen, mwasisi wa Jamhuri ya China, mjini Nanjing, akitanguliwa na Lü Yanzhi, ambaye alifariki mwaka 1929 kabla ya kutimiza miaka 40. Hata hivyo, mwaka 1927 wawili hao, pamoja na Zhuang Jun na wengine, walikaa meza moja na kuanzisha chama cha wasanifu wa Kichina. Nalitaja hili kwa makusudi, kwani wapo miongoni mwetu waliosusa vikao baada ya kukosa kura.

Mjadala mkali zaidi ulihusu ukumbi wa sinema wa Nanking wa Shanghai, uliosanifiwa na Fan na Zhao Shen na kufunguliwa mwaka 1930. Picha zilipita mkono kwa mkono: madirisha ya matao, nguzo 16 za mviringo, yote kwa mtindo wa Ulaya ya kale. Wengine walihoji usasa wake uko wapi. Jibu ni kwamba ulikuja baadaye, baada ya msanifu Carl Lindbohm kujiunga na ofisi ya Fan mwaka 1933 na Fan mwenyewe kuzuru Ulaya mwaka 1935. Alianza kusisitiza kwamba jengo lipangwe kutoka ndani kwenda nje, akayakosoa mapaa ya kijadi yanayovikwa majengo mapya, ilhali yeye na wenzake walikwisha kuliezeka hivyo jengo la YMCA (chama cha vijana Wakristo) la Shanghai. Binafsi, ujasiri huo wa kujikosoa ndio ulionivuta kwake. Ukumbi wa Nanking haukubomolewa: mwaka 2003 ulisogezwa mzimamzima mita 66.46 na kuinuliwa mita 3.38, na leo unapigiwa muziki.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza Zhao Shen, Chen Zhi na Tong Jun, walioshirikiana katika ofisi ya Huagai. Mwenye pingamizi amwandikie katibu kabla ya mkutano.