Kwa Waziri wa Afya: Kipimo cha EBER kifike Bonde la Ufa

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mtaalamu wa maabara ya patholojia katika hospitali moja ya kaunti. Nyama ya uvimbe hugandishwa kwenye nta, nami huikata vipande vyembamba kuliko karatasi na kuvipaka rangi ili daktari avisome kwa hadubini. Mwaka jana nilikata tezi ya shingo ya kijana wa miaka 19. Sikio la upande huo lilikuwa limeziba, na kila asubuhi akipenga kamasi, ilitoka na damu. Kwenye zahanati moja alikuwa amemezeshwa dawa za kifua kikuu miezi 6.

Tuliandika: saratani, chanzo hakijulikani. Kibonge cha nta kikasafirishwa Nairobi kwa kipimo cha EBER, kinachotafuta alama za virusi ndani ya seli, familia ikachangishana. Majibu yalirudi baada ya wiki 5. Chanzo kilikuwa nyuma ya pua: saratani ya nasofarinksi.

EBER ni RNA ndogo, yaani chembe za kijenetiki, za virusi vya Epstein-Barr, ambavyo hukaa ndani ya seli za saratani hii. Karibu kila mtu mzima ana virusi hivi, kwa hivyo kuvikuta mwilini tu si ushahidi. Ushahidi ni kuviona ndani ya seli ya saratani yenyewe. Nilivyoonyeshwa mafunzoni, viini vya seli za uvimbe vilikuwa vimegeuka buluu nzito, na seli za kinga zilizovizunguka hazikushika rangi. Hapo hakuna kubahatisha.

Wenzangu wengine huuliza kwa nini tusitegemee kipimo cha protini ya p16. Protini hiyo ni breki: huzuia protini ya saiklini D1 na wenziwe wasiisukume seli kugawanyika. Katika saratani hii breki mara nyingi hupotea mapema na saiklini D1 huzidi, na tafiti za maabara zimeonyesha kwamba seli iliyoharibika hivyo ndiyo inayowapa virusi makao ya kudumu. Ni elimu muhimu mno kuhusu ugonjwa unavyoanza. Lakini p16 ikikosekana haikuambii uvimbe umetoka wapi, na ikijaa kwenye tezi ya shingo hutuelekeza kwenye tonsili na virusi vya HPV. Haiwezi kushika nafasi ya EBER.

Tangu miaka ya 1960 madaktari wameandika kwamba saratani hii huwapata sana watu wa nyanda za juu za Bonde la Ufa. Virusi vyenyewe viligunduliwa mwaka 1964, katika uvimbe wa saratani nyingine, ya Burkitt, uliosafirishwa London kutoka Uganda. Huko Hong Kong, watafiti walipima DNA ya virusi hivi katika damu ya wanaume zaidi ya 20,000 wasio na dalili. Matokeo ya 2017 yalionyesha wagonjwa 34, asilimia 71 wakiwa hatua ya 1 au ya 2, ambapo mionzi huponya wengi. Kijana wetu alianza mionzi shingo ikiwa imevimba pande zote mbili.

Naomba, Mheshimiwa, maabara za patholojia za kaunti zetu zipewe vitendanishi vya EBER, gharama ilipwe na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), na zahanati zielekezwe kwamba mgonjwa mwenye tezi ya shingo iliyovimba na sikio lililoziba achunguzwe nyuma ya pua kabla ya miezi kupita. Mashine za kukata tunazo, na hadubini pia.

Wiki hii nimepokea tezi nyingine, ya mama wa miaka 41. Bahasha ya kuipeleka Nairobi iko mezani kwangu.

Wako mtiifu,
Mtaalamu wa maabara, Bonde la Ufa