Wakutubi wafundishwe AI, na sisi wasomaji tuelekezwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme jambo linalonikosesha amani. Mimi ni msomaji wa maktaba ya umma huku kwetu, naenda karibu kila Jumamosi, sasa juzi kaja binti wa chuo na karatasi ina vitabu vinne vya historia ya kilimo cha pamba, waandishi wapo, mwaka upo, mpaka mchapishaji, dada wa kaunta kazunguka rafu zote, kaangalia kwenye kompyuta, kapigia simu mwenzie wa mkoa mwingine, karibu saa nzima imeenda, hakuna hata kimoja. Ndo binti anasema kapewa na ChatGPT, ile programu ya AI, yaani akili bandia, unayoiuliza swali ikakujibu.

Wala sio yeye tu. Mei 2025 gazeti la Chicago Sun-Times kule Marekani lilitoka na orodha ya vitabu 15 vya kusoma wakati wa likizo, kumbe 10 havipo, AI imevitunga na kuvibandika majina ya waandishi wa kweli. Kama gazeti kubwa limeingia mkenge, binti wa mwaka wa kwanza atajuaje? Hii kitu haiendi kwenye rafu kuangalia, inapanga maneno yanayoelekea kufuatana, ndo maana jina la kitabu linakuja limenyooka kabisa.

Ila kinachoniuma zaidi ni zile kompyuta. Pale kwetu ziko chache na kila mtu anatumia hizohizo. Siku moja nimekaa nikakuta akaunti ya mtu ya ChatGPT iko wazi, barua ya kuomba kazi, namba ya NIDA, simu, halafu chini kauliza kuhusu dawa anazomeza, dawa ambazo mtaani kila mtu anajua ni za nini. Nilifunga hapohapo. Je angekaa mwingine? Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 tunayo, inatumika tangu Mei 1, 2023.

Simlaumu yule dada, hajawahi kukalishwa chini akaelekezwa. Na sisemi AI ipigwe marufuku maktaba, hapana, mtu asiye na bando wala laptopu anaipata hapo tu, ukimkatalia umemfungia mlango. Naomba wenye dhamana wawape wakutubi hata siku mbili za mafunzo kwa vitendo, wajue kufungua dirisha la siri la brauza ambalo ukilifunga akaunti inatoka yenyewe, wajue pa kuzima kwenye mipangilio ili mazungumzo yasitumike kufundishia mashine, na wao wenyewe wasije wakapesti humo rejista ya wanachama ili wapangiwe ripoti, maana ina majina na namba zetu wote, na za watoto wetu. Na kila kompyuta ibandikwe karatasi ya Kiswahili cha kawaida: usiandike NIDA, usiandike ugonjwa wako wala wa mwenzio, jina la kitabu muulize kwanza mkutubi, ukimaliza toka kwenye akaunti.

Yule dada nilimuuliza angependa kufundishwa, akanijibu "kaka, hata leo jioni". Kazi yangu ni ya kompyuta, nimeshamwandikia mkuu wa maktaba kwamba niko tayari kuja Jumamosi mbili bila malipo, nasubiri jibu.

Msomaji wako,
Kanda ya Ziwa